Yethro wa Chumba cha Dobi

Nilipopandishwa cheo kuwa msimamizi wa wahudumu wa vyumba katika hoteli moja ya ufukweni hapa Malindi, kitu cha kwanza nilichobadilisha hakikuwa ratiba ya zamu wala hesabu ya shuka. Nilianzisha maombi. Kila siku saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nyuma ya chumba cha dobi, watu kumi na mmoja walisimama duara. Mimi nilishika Biblia yangu ya jalada jeusi, nikasoma aya, nikaomba kwa sauti, nikawaombea mpaka wageni waliokuwa bado wamelala. Nilijiona Danieli katika nyumba ya mfalme.

Kati ya hao kumi na mmoja, sita walikuwa Waislamu, wanne Wakristo, na mmoja, kijana wa Kigiriama, husema dini yake ni ya wazee wake wa kaya, ile misitu mitakatifu ya Wamijikenda. Hakuna aliyepinga. Nikauchukua ukimya wao kuwa ni Roho anafanya kazi.

Ilichukua miezi minne kabla mtu hajaniambia ukweli. Alikuwa mzee wa dobi, mtu wa Mambrui, aliyekuwa akifua na kupiga pasi mashuka ya hoteli tangu mimi nikiwa darasa la kwanza kwetu Taita. Alikuwa akikunja taulo, mimi nikihesabu foronya, hatukuwa na mtu wa tatu.

"Mwanangu," akasema, "mbele ya watu nakuita Madam, lakini hapa tuko wawili. Ukiomba, mimi hufunga mikono. Siifungi kwa ajili ya Mungu. Naifunga kwa ajili ya kazi yangu. Nina watoto."

Nilikasirika. Nilimjibu kwa adabu, kwa kuwa yeye ni mzee, lakini moyoni nilisema huyu anapinga Injili. Nikaenda nayo nyumbani Muyeye, nikaipika, nikalala nayo. Ilinichukua wiki mbili kukubali kwamba alichoniambia hakikuwa juu ya Injili hata kidogo. Kilikuwa juu yangu. Yule anayepanga nani afanye kazi Jumapili, nani apewe vyumba vya baharini vyenye bakshishi nzuri, nani aongezewe mwezi mmoja msimu ukiisha, akisema "tuombe", hilo si ombi tena. Ni amri iliyovaa kanzu.

Baadaye nilikuja kujua kwamba Katiba ya 2010, ibara ya 32, inakataza mtu kulazimishwa kutenda kinyume cha dini yake. Lakini mimi sikustahili kusubiri katiba. Mathayo sura ya sita nimeisoma tangu shule ya Jumapili: ukisali, ingia chumbani mwako, ufunge mlango wako. Yesu hakusema uwapange wafanyakazi mlangoni.

Nikayahamisha maombi. Saa kumi na mbili na robo, stoo ya sabuni, kwa anayetaka. Mkutano wa kazi ukabaki saa yake, bila aya. Nilisema Wakristo walikuwa wanne, sivyo? Siku ya kwanza walikuja wawili.

Mzee hakusema lolote juu ya mabadiliko hayo. Ila wiki iliyofuata aliniletea karatasi ya ratiba ameichora mwenyewe kwa kalamu ya risasi. Ijumaa adhuhuri, Wakristo washike zamu Waislamu waende msikitini. Jumapili asubuhi, Waislamu washike zamu Wakristo waende kanisani. Mwezi wa Ramadhani, anayefunga aanze mapema atoke kabla ya magharibi. Yule kijana wa kaya akacheka, akasema yeye basi apewe siku ya matanga, maana kwao matanga hayana ratiba. Tukampa. Karatasi ile niliitumia miaka sita. Mimi niliyekuwa nikisoma Biblia mbele yao sikuwahi kuiwaza.

Sasa nieleze lile la Agosti, ambalo ningependa kulipita.

Agosti ni msimu. Upepo wa kusi bado uko, bahari imeanza kusafika baada ya matope mekundu ya Mto Sabaki, na Waitaliano wamejaa mji. Wamezoea hapa tangu miaka ya 1960, walipojenga kituo cha kurushia setilaiti baharini kule Ngomeni, na siku hizi hata muuza madafu anahesabu kwa Kiitaliano. Hoteli ikijaa hivyo, kichwa cha msimamizi huwa kama sufuria ya mbaazi. Asubuhi moja mgeni akashuka mapokezi anapiga kelele: bahasha yenye euro 400 imepotea chumbani.

Aliyesafisha chumba kile ni yule kijana wa Kigiriama. Nilikuwa na dakika tano za kufikiri na sikuzitumia. Nikawaita wahudumu wote watatu wa ghorofa ile kwenye lango la wafanyakazi, nikamwambia askari afungue mikoba yao. Mbele ya wapishi, mbele ya watunza bustani, mbele ya mama anayetuletea mahamri. Mkoba wa kijana ulitoka na shati, chaja ya simu, na nusu mkate uliofungwa kwenye gazeti. Euro hazikuwemo. Bado nikamwambia, "Nenda nyumbani mpaka uchunguzi uishe." Uchunguzi gani? Hakukuwa na uchunguzi. Kulikuwa na mgeni mwenye hasira na mimi mwenye hofu.

Siku ya pili yake jioni mgeni akaikuta bahasha kwenye mfuko wa ndani wa begi lake la kuogelea. Alikuja mapokezi anacheka, akaacha euro 20 za bakshishi. Nikampigia kijana simu: "Rudi kesho, mambo yameisha." Akarudi. Akasema, "Sawa, Madam." Akafanya kazi.

Mambo hayakuwa yameisha. Nilianza kuligundua polepole, kama mtu anayegundua tangi linavuja kwa kuona bili ya maji. Hakuna aliyeniambia tena kwamba bomba la chumba cha tisa linapiga kelele. Hakuna aliyesema shuka zimepungua mpaka zikaisha. Nikiingia jikoni, mazungumzo yanahama kutoka Kiswahili kwenda Kigiriama. Nilidhani wamekuwa wavivu. Nikaandika barua mbili za onyo.

Kisha mzee wa dobi, ambaye nadhani alikuwa amechoka kuningoja, akaniambia huku pasi ikitoa mvuke: "Ulimvua nguo sokoni. Unamvisha chumbani."

Sikuuliza ni nani. Usiku ule sikulala vizuri. Mimi nimefundisha vijana kanisani juu ya msamaha, nina daftari zima la mafundisho hayo. Na siku zote nilikuwa nikifundisha jinsi aliyekosewa anavyopaswa kusamehe. Jinsi mkosaji mwenye cheo anavyopaswa kuomba radhi, hilo daftari langu halikuwa nalo. Zakayo alisimama mbele ya watu akasema kama nimemnyang'anya mtu kwa hila namrudishia mara nne. Alisimama. Hakupiga simu.

Nikasubiri Ijumaa ya mshahara, siku ambayo kila mtu hupita lango lile. Nikamwomba askari asimame alipokuwa amesimama, na mama wa mahamri asiondoke. Nikasema hapa ndipo nilipomtuhumu huyu ndugu yetu bila kumsikiliza, hakuiba kitu, mwizi wa siku ile nilikuwa mimi niliyemwibia jina lake. Na zile siku mbili alizokaa nyumbani atalipwa, na nimezilipa mimi kwenye mshahara wangu, si hoteli. Barua mbili za onyo nikazichana. Sauti ilinitetemeka na mkono ukatoka jasho. Ningependa kusema kijana alinikumbatia. Alisema, "Sawa, Madam," vilevile kama siku ya simu, na Januari akahamia hoteli nyingine.

Lakini Jumatatu yake mhudumu mmoja alinijia kuniambia bomba la chumba cha tisa linapiga kelele.

Miezi kadhaa baadaye nilihudhuria mafunzo ya siku mbili Mombasa, na huko ndiko nilikosikia kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kwa mara ya kwanza. Kabla ya kumwachisha mtu kazi kwa kosa, mwajiri amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, amsikilize, na mfanyakazi ana haki ya kuwa na mwenzake pembeni wakati wa maelezo hayo. Nilikaa pale nikikumbuka Nikodemo katika Yohana sura ya saba, akiwauliza Mafarisayo kama torati yao humhukumu mtu bila kumsikia kwanza. Swali hilohilo. Mimi nilikuwa nalo kwenye Biblia na serikali ilikuwa nalo kwenye gazeti lake rasmi, na nilikuwa nimelikosa kote kuwili.

Mkufunzi alitufundisha pia "uongozi wa utumishi". Akasema neno hilo lilianzishwa na Mmarekani Robert Greenleaf mwaka 1970, mtu aliyefanya kazi miaka mingi katika kampuni ya simu ya AT&T. Mama mmoja wa nyuma akanong'ona, "Marko kumi alikuwa bado hajachapishwa?" Tukacheka, maana kila aliyekwenda kanisani anajua yale maneno ya anayetaka kuwa mkubwa awe mtumishi. Lakini nilirudi Malindi na shauku mpya, na kama kawaida yangu nikaielewa nusu. Nikaanza kuosha vyoo. Kila asubuhi vyumba viwili, kwa magoti, wafanyakazi wakinitazama. Nilikuwa naitawadha miguu ya wanafunzi wangu.

Wiki ya tatu taulo za bwawa ziliisha saa nne asubuhi, wageni wamesimama na maji yanawatiririka, kwa sababu aliyepaswa kuagiza alikuwa kwenye choo na brashi. Mzee akauliza, "Ukiosha choo wewe, nani ahesabu taulo?"

Akaongeza la Vasco da Gama, ambalo kwa mtu wa pwani halikwepeki, ile nguzo yake tunaiona kila tukienda ufukweni. "Alipofika hapa 1498 si aliomba rubani ampeleke Hindi? Meli ilikuwa yake. Bahari haikuwa yake. Lakini hakumwachia rubani usukani akaenda kupika."

Ni hapo nilipomtambua. Katika Kutoka sura ya 18, Musa anakaa tangu asubuhi hata jioni akiamua kesi za watu, naye anadhani ni uaminifu. Anayemwambia jambo hili si jema, utajichosha wewe na watu hawa, ni Yethro mkwewe, kuhani wa Midiani. Si Mwisraeli. Hakuwa amevuka bahari pamoja nao. Na Musa, aliyekuwa akisema na Mungu uso kwa uso, akamsikiliza mkwewe akafanya yote aliyosema. Nilikuwa nimehubiriwa sura ile mara nyingi kama somo la kugawa kazi. Hakuna mhubiri aliyewahi kuniuliza Yethro wangu ni nani, wala anaswali wapi.

Kuhusu vibarua nitasema kwa ufupi, kwa kuwa aibu yake ni fupi pia. Walikuwa wakilipwa Jumamosi, lakini mara nyingi mtu wa hesabu alikuwa ameshaondoka, basi wanangoja mpaka Jumanne. Mimi nilikuwa nawaambia, "Vumilieni, Mungu atafungua njia." Jumamosi moja mama mmoja wa kufagia ufuo akanijibu, bila hasira, amebeba fagio begani: "Madam, Mungu keshafungua. Ni ofisi iliyofunga." Mambo ya Walawi 19 inasema ujira wa kibarua usilale kwako mpaka asubuhi, na mimi niliulaza siku tatu kisha nikauwekea baraka juu. Jumatatu nikaingia ofisi ya hesabu na orodha yangu ikiwa tayari tangu Alhamisi. Wakaanza kulipwa kwa M-Pesa Ijumaa jioni. Kazi yenyewe ilikuwa ya nusu saa. Kilichokosekana miaka yote ile ni mtu wa kukosa aibu ya kusumbua ofisi.

Kisha 2020. Italia iliugua kabla yetu, kwa hiyo Malindi tuliona vyumba vikianza kuwa vitupu hata kabla ya kisa cha kwanza cha Korona kutangazwa Kenya tarehe 13 Machi. Safari za ndege za kimataifa zilisimamishwa tarehe 25. Mwenye hoteli akapiga simu: anaweza kulipa mishahara minne ya idara yangu, si kumi na mmoja. Nimletee majina manne Ijumaa.

Nitasema nilichofanya kwanza, kwa sababu simulizi za imani hupenda kuruka hapo. Nilichukua kalamu nikaandika majina mawili ya kwanza, na yote mawili yalikuwa ya watu wa kanisa langu. Hawakuwa wafanyakazi wabaya. Lakini mkono wangu ulikwenda kwao wenyewe, kama punda anayejua njia ya nyumbani.

Mmoja wa wazee wa kanisa alikuwa amenipigia simu usiku ule, ananikumbusha Wagalatia 6:10, tuwatendee watu wote mema, hasa jamaa ya waaminio. Aya ni ya kweli. Nilizunguka nayo chumbani mpaka usiku wa manane. Nilipofika ni hapa: mfuko wangu naweza kuufungulia jamaa ya waaminio kwanza, lakini ratiba ya zamu si mfuko wangu. Nimekabidhiwa. Paulo anaposema mawakili waonekane waaminifu, uaminifu wa wakili ni kwa mali isiyokuwa yake. Nikimpa ndugu wa kanisa zamu ya mtu mwingine nitakuwa nimetoa sadaka kwa mkono wa jirani. Nilimwambia mzee wa kanisa hivyo, naye hakupendezwa, na mpaka leo tukisalimiana kuna ubaridi kidogo.

Asubuhi nikawaita wote nyuma ya chumba cha dobi, tukakaa mbalimbali kama serikali ilivyoagiza, nikawaambia namba: mishahara minne, watu kumi na mmoja. Sikuanza na maombi. Kukawa kimya kirefu. Kisha mzee akasema yeye anatoka, kaka yake ana mashua Mambrui. Wawili wakasema wana mashamba kwao Magarini, mvua za masika zinakaribia, watalima. Wakabaki wanane. Wanane kwa nafasi nne, wiki mbili mbili kila mmoja. Walilipanga wenyewe chini ya robo saa, tukaliandika, kila mtu akatia sahihi. Nikapeleka karatasi kwa mwenye hoteli badala ya majina manne. Alishangaa, akakubali.

Mshahara wangu nao? Nehemia alikaa miaka kumi na miwili bila kula chakula cha liwali, kwa kuwa utumwa wa watu ulikuwa mzito. Mimi mwezi wa kwanza niliuchukua wote. Mwezi wa pili mmoja wa wale wanane akaniuliza, kwa upole tu, "Na wewe, Madam, uko wiki mbili mbili?" Kuanzia hapo nilichukua nusu. Siwezi kusema ningefika bila kuulizwa.

Hoteli ilifunguliwa tena, si wote waliorudi. Mzee hakurudi. Nilikwenda kumsalimia Mambrui, akanionyesha nyavu, akaniuliza kama taulo zinatosha.

Mwaka jana, Agosti tena, simu ililia saa mbili asubuhi, namba siijui. Alikuwa yule kijana wa Kigiriama. Siku hizi naye ni msimamizi, hoteli nyingine, upande wa Watamu. Sauti yake ilikuwa imekua.

"Madam, mgeni amepoteza pesa chumbani. Anataka mikoba ya wafanyakazi ifunguliwe langoni."

Nikaanza kumwambia haraka haraka: usifungue mkoba wa mtu, panda na mgeni mwenyewe chumbani, mtafute pamoja, uwe na shahidi, kila mfuko wa kila begi kwanza, na huyo aliyesafisha msikilize akiwa na mwenzake.

Akaniacha nimalize.

"Ndivyo nilivyofanya," akasema. "Zilikuwa kwenye kiatu. Nilitaka tu ujue."